Damu ya Mzee na Weusi: Tathmini ya Rothko Chapel mjini Houston

Nimeingia Rothko Chapel, kikanisa chenye picha za mchoraji Mark Rothko, mara mbili katika mwaka 2023: mara ya kwanza peke yangu, mwezi wa Machi, na mara ya pili mwezi wa Oktoba nikiwa na jirani yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa Bukavu. Nimekawia kuiandika tathmini hii kwa sababu kila nilipojaribu nilijikuta ninaeleza jengo na kuziacha picha, au ninaeleza majonzi yangu mwenyewe na kuliacha jengo. Sasa ninaandika nikiwa na swali moja tu, lile lile nililoingia nalo siku ya kwanza: picha isiyo na mtu, mti, bahari wala nyumba inawezaje kubeba huzuni, hofu au hasira kwa rangi tupu, na je, mahali hapa panalijibu swali hilo vizuri kiasi cha kumfanya mtu afunge safari kwenda kupaona?

Niseme mapema kwamba swali hilo sikulipata vitabuni. Mimi ni mchoraji wa jioni. Mchana nina kazi nyingine. Mama yangu alipofariki Tanga mwaka 2021 sikuweza kusafiri kwenda kumzika, na kwa miezi mingi baada ya hapo nilinunua turubai, nikazipaka rangi nyeusi, na nikabaki na turubai nyeusi ambazo hazikusema lolote. Wageni walioziona walielewa kwamba nimefiwa kwa sababu nilikuwa nimewaambia kwa mdomo. Picha zenyewe hazikuwaambia kitu, na mimi nilijua hivyo hata pale waliponipa pole na kuzisifu.

Kikanisa hiki kipo katika mtaa wa Montrose, kwenye kona ya barabara za Sul Ross na Yupon, jirani na Chuo Kikuu cha St. Thomas na jumba la makumbusho la Menil Collection. Waliokianzisha ni John na Dominique de Menil, mume na mke waliohamia Marekani kutoka Ufaransa, ambao mwaka 1964 walimwomba Mark Rothko achore picha za mahali pa ibada. Hapo mwanzo palikusudiwa pawe pa Wakatoliki, lakini hatimaye pakawa pa watu wa dini zote na wa wasio na dini. Rothko alizaliwa mwaka 1903 huko Dvinsk, mji ambao leo uko Latvia na unaitwa Daugavpils, akapelekwa Marekani akiwa mtoto wa miaka 10. Alipopewa kazi hii alikuwa amekwisha kupata jina kwa picha kubwa za mistatili yenye kingo zinazoelea, nyingi zikiwa za manjano, za chungwa na nyekundu iliyochangamka. Rangi hizo zote aliziweka kando. Alichora kati ya 1964 na 1967 katika karakana yake New York, wala hakuwahi kuziona picha hizo zikiwa zimetundikwa Houston, kwa kuwa alifariki tarehe 25 Februari 1970, mwaka mmoja kabla ya jengo kufunguliwa Februari 1971. Picha ni 14. Jengo lina kuta nane za lipu ya kijivu, halina dirisha hata moja ukutani, na mwanga wa mchana hushuka kutoka paani.

Lugha yetu ina namna yake ya kuzigawa rangi, na namna hiyo ilinisaidia mle ndani kuliko nilivyotarajia. Kwa Kiswahili ni rangi tatu tu ambazo ni sifa za asili zinazobadilika kufuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine tumezitwaa kwenye vitu au kwa wageni. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda linaloacha alama kwenye ulimi, na ile nyekundu nzito iliyozeeka tunaiita damu ya mzee. Tena zile tatu za asili ndizo tunazouelezea moyo: fulani ana roho nyeusi, macho yake yamekuwa mekundu, mwingine ana moyo mweupe. Sijasikia mtu akiambiwa ana roho ya kahawia. Picha za Houston zimejengwa kwa nyeusi, damu ya mzee, na zambarau iliyokolezwa hadi kukaribia usiku, kwa hiyo msemaji wa Kiswahili huingia mle akiwa na maneno ya uchungu tayari kinywani, na jambo la kujiuliza ni kama picha zitamfanya ayatumie maneno hayo au zitamlazimisha atafute mengine. Mimi nilitafuta mengine.

Dakika za kwanza ziliniudhi. Nilitoka kwenye jua la adhuhuri la Texas, nikasukuma mlango, na nilichokiona ni giza lililopangwa ukutani kama milango ya maduka siku ya mgomo. Nilikaribia kuondoka. Kinachotokea ni kwamba jicho lililotoka juani huhitaji kama nusu saa kuzoea mwanga hafifu kikamilifu, na picha hizi zimechorwa kwa ajili ya jicho lililokwisha kuzoea. Mtu anayeingia, akazunguka kuta nane, akatoka baada ya dakika tano, hakuziona picha za Rothko. Ameona upofu wake mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la mbao lililo katikati, nikatazama chini kwenye sakafu nyeusi kwa muda, na nilipoinua macho kingo zilikuwa zimeanza kujitokeza, kwanza upande wa kushoto, kisha kulia, kama vile mtu anavyoanza kuyaona makuti ya dari baada ya taa kuzimwa.

Hapo ndipo mtu hugundua kwamba picha hizo si za aina moja. Saba zina mistatili myeusi yenye kingo kali juu ya msingi wa damu ya mzee, na saba nyingine ni zambarau iliyotanda pote bila umbo lolote. Kuta za mashariki na magharibi zina picha tatu tatu za mistatili myeusi, ile ya katikati ikiwa imeinuliwa kidogo kuliko zile za pembeni. Ukuta wa kaskazini, ule anaokutana nao mtu anapoingia, una picha tatu za zambarau zilizogusana, na kuta nne za pembeni zina picha moja moja za zambarau. Ukuta wa kusini, ule ulio mgongoni mwako unapoingia na ambao watu wengi huuona wakati wa kutoka, una picha moja ndefu na nyembamba yenye weusi juu na damu ya mzee chini.

Nilikaa zaidi mbele ya ukuta wa magharibi, na ninataka kueleza kwa nini. Mstatili mweusi pale umekaribia kuifunika turubai yote. Kilichobaki ni ukanda mwembamba wa damu ya mzee pembezoni, kama pindo la nguo ya ndani linalochungulia chini ya gauni la msiba. Ukanda huo ndio unaouma. Laiti turubai ingekuwa nyeusi yote, mtazamaji asingekuwa na cha kupoteza, angeona ubao tu. Lakini ukanda unamwambia kwamba chini ya weusi huu palikuwa na joto, palikuwa na kitu kilichokuwa hai na kilichofunikwa, na kwamba kufunikwa kwenyewe hakukukamilika. Nikazikumbuka turubai zangu za mwaka 2021 na nikaelewa kosa langu. Nilikuwa nimeipaka huzuni bila kuonyesha kilichohuzunikiwa. Sikubakiza hata uzi mmoja wa rangi ambayo mama angeweza kuwa ndani yake.

Kingo za mistatili hiyo ni kali, zimechorwa kwa uangalifu, na ukali huo hubadilisha hisia kutoka huzuni kwenda hofu. Katika picha zake za miaka ya 1950 Rothko aliziacha kingo zipumue, rangi moja ikaingia ndani ya nyingine kama wino kwenye karatasi iliyolowa, na jicho likapata mahali pa kupitia. Hapa hakuna pa kupitia. Ule weusi una mpaka, na mpaka huo umeamuliwa na mtu. Nilipousogelea niliona pia kwamba weusi una mng'ao hafifu, ilhali damu ya mzee imekufa kabisa, hairudishi mwanga, kwa hiyo nilipotembea polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine weusi ulibadilika na ukanda ukabaki vile vile. Ni jambo dogo sana, na sidhani kama picha iliyochapishwa kwenye karatasi au kuonyeshwa kwenye simu inaweza kulionyesha.

Zile za zambarau zina kazi nyingine. Hazina mlango wala mpaka. Zina ule ukiwa wa nyumba iliyohamwa, ambapo hakuna la kuogopa na hakuna wa kumsalimu. Kubwa kuliko zote zinakaribia mita 4.5 kwenda juu, na ukikaa kwenye benchi hupati juu wala chini pa kulitulizia jicho. Ukizisogelea unaona zimepakwa kwa rangi nyepesi kama maji, tabaka juu ya tabaka, brashi ikienda kama mawingu, na ukirudi nyuma mawingu yote yanazama tena. Kati ya hisia ngumu zote zilizomo mle ndani, hii ndiyo iliyonishinda kuitaja. Nilifikiria simanzi, nikafikiria upweke, na hakuna neno kati ya hayo lililotosha. Lililokaribia zaidi ni kule kungoja habari ambayo unajua haitakuja.

Inafaa msomaji ajue jinsi rangi hizi zilivyotengenezwa, kwa sababu ndipo ufundi ulipo. Kwa misingi ya picha, unga wa rangi ulichanganywa na gundi ya ngozi ya sungura iliyopashwa moto: nyekundu ya alizarini, bluu ya ultramarini, na nyeusi inayotokana na mifupa iliyochomwa. Weusi wa mistatili ulikorogwa kwa mafuta, mayai, utomvu wa damari na tapentaini, na Rothko alibadilisha vipimo kadiri alivyoona inafaa. Mayai na mafuta ndiyo yaliyoupa weusi ule mng'ao nilioueleza, na mchanganyiko huo huo ndio uliowapa mafundi wa kuhifadhi picha kazi kubwa baadaye, pale weupe kama ukungu ulipoanza kujitokeza juu ya nyeusi. Katika karakana yake aliunda sehemu ya kuta za kikanisa kwa vipimo halisi, akatundika turubai kwa kapi ili ziweze kupandishwa na kushushwa, na akatanda parashuti chini ya dirisha la paani ili kuupunguza mwanga. Wasaidizi walipaka sehemu kubwa ya rangi; yeye alikaa, akatazama, akaamuru ukingo usogezwe kidogo. Wapo wanaoona kwamba hilo linaipunguza thamani ya kazi. Mimi naona kinyume, kwa kuwa hisia ya mistatili hii imo kwenye kipimo chake, na kipimo hupatikana kwa kutazama.

Mwanga ndio umekuwa mtihani wa jengo hili tangu siku ya kwanza. Dirisha la paani lilibuniwa kwa kuufikiria mwanga wa New York, na jua la Texas lilipoingia kwa mara ya kwanza liliziumiza picha machoni na kwenye rangi zenyewe. Katika miaka ya 1970 walitanda kitambaa, kisha wakaweka kizuizi kikubwa chini ya dirisha, ambacho kilizikinga picha lakini kikalitia jengo giza na kuning'inia juu ya vichwa vya watu. Ukarabati uliokamilika mwaka 2020 uliondoa kizuizi hicho na kuweka dirisha jipya lenye vipande vyembamba vinavyoutawanya mwanga kuelekea kutani. Sikuliona jengo kabla ya hapo, kwa hiyo siwezi kulinganisha, lakini ninaweza kusema kwamba sasa wingu likipita juu ya Houston unalihisi likipita ndani ya picha. Siku ya Machi ilikuwa ya mawingu yanayotembea. Kila jua lilipozibwa, damu ya mzee ilitoweka kwanza, ikazama ndani ya weusi, huku zambarau ikiendelea kuonekana kwa muda. Hilo lina sababu: mwanga unapopungua sana jicho la binadamu hupoteza wekundu mapema kuliko ubuluu, ndiyo maana ua jekundu huonekana jeusi wakati wa magharibi kabla majani hayajafifia. Kwa hiyo mara kadhaa katika saa moja niliuona ule ukanda wa joto ukifa na kurudi. Sikuwahi kuona picha ya dhahania ikifanya kitu kama hicho, na sijui njia nyingine ya kumfahamisha mtu kwa macho jinsi msiba unavyokwenda na kurudi.

Umuhimu wa mwanga niliuelewa zaidi nilipokumbuka maonyesho niliyoyahudhuria mwaka mmoja kabla, katika jumba moja la sanaa la mji mwingine ambalo sitalitaja. Walikuwa na picha nyeusi nzuri za wachoraji kadhaa, wakazitundika kwenye kuta nyeupe, wakazimulika kwa taa kali, na kando ya kila picha wakaweka maandishi marefu yakimweleza mtazamaji anachopaswa kuhisi: hapa ni kukata tamaa, hapa ni woga. Nilizisoma zote na sikuhisi hata moja. Hapa Houston ukuta ni wa kijivu, mwanga ni wa jua, na hakuna maandishi kando ya picha. Mtu anaachiwa jukumu lote, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote mahali hapa panazotoa.

Mara ya pili nilikwenda na jirani yangu. Yeye si mtu wa majumba ya sanaa. Alikuja kwa sababu nilimwambia ni mahali pa kusali, na kwa sababu alisikia kwamba Nelson Mandela aliwahi kusimama na kuhutubia pale, mwaka 1991, alipokuja kupokea tuzo ya haki za binadamu. Alipoingia alivua viatu bila kuambiwa, akaviweka chini ya benchi, akakaa. Baada ya kama robo saa alininong'oneza:

“Mwanangu, wewe uliniambia ni nyeusi.”

“Ndiyo, Mama.”

“Hii si nyeusi. Hii ni usiku wenye mvua. Nyeusi ni usiku wa kukimbia.”

Sikumjibu, wala sikujua la kumjibu. Alikataa kabisa kukaa upande unaoelekea ukuta wa mashariki. Alisema pale kuna milango mitatu na hapendi kuketi akitazama mlango uliofungwa. Akageuka akaitazama zambarau ya kaskazini kwa karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nimeziona picha zile zile kwa utaratibu mwingine: kwangu weusi ulikuwa wa kufiwa, kwake ulikuwa wa kukimbizwa, kwangu zambarau ilikuwa kungoja, kwake ilikuwa mvua, na mvua kwake ilikuwa salama, kwa sababu usiku wa mvua watu wabaya hawatembei. Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku hiyo. Walimu wengi wa uchoraji hufundisha rangi na hisia kama jedwali: nyekundu ni hasira, buluu ni huzuni, nyeusi ni kifo. Jedwali hilo halimfai mchoraji. Jirani yangu na mimi tuliketi benchi moja mbele ya rangi moja, na kila mmoja alileta usiku wake. Picha nzuri ya dhahania huipa hisia uzito, ukubwa na mwendo; jina la hisia hiyo hutoka kwa mtazamaji.

Yapo ambayo hayakuniridhisha. La kwanza ni kwamba hasira haimo. Aliyekuja kutafuta jinsi rangi inavyoweza kubeba ghadhabu atatoka mikono mitupu, kwa kuwa ghadhabu inataka mgongano, na humu hakuna rangi inayogongana na nyingine. Kwa hilo ningempeleka mtu kwa Robert Motherwell, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alichora zaidi ya picha 100 za kuiombolezea Jamhuri ya Uhispania, maumbo meusi mazito yakiwa yamebanwa kwenye weupe. Nyeusi yake hupiga kelele kwa sababu imewekwa juu ya nyeupe. Nyeusi ya Rothko imewekwa juu ya damu ya mzee, rangi iliyo jirani yake sana, na kwa hiyo imenyamaza. La pili ni kule kuinuliwa kwa picha ya kati kwenye kuta za mashariki na magharibi. Mpangilio huo unakumbusha mno picha za madhabahuni za makanisa ya Ulaya, na kwa dakika fulani niliona kama ninaelekezwa kupiga magoti kabla sijahisi chochote. Zile picha nne za kuta za pembeni, zisizo na mpangilio wa aina hiyo, ziliniheshimu zaidi.

La tatu si kosa la jengo, ni la sisi watazamaji. Kwa kuwa Rothko alijitoa uhai, watu wengi huingia mle wakizisoma picha kama barua ya kuaga. Nilisikia wageni wawili wakinong'onezana hivyo kwenye ukumbi wa mlangoni. Lakini picha zilikamilika mwaka 1967, kabla ya ugonjwa wa mshipa mkuu wa moyo uliompata mwaka 1968 na kabla ya miaka yake migumu ya mwisho. Mtu aliyezichora alikuwa mchapakazi aliyekuwa akihesabu inchi na kubishana na msanifu majengo. Mabishano yake na Philip Johnson juu ya umbo la paa yalifikia hatua ya Johnson kujitoa, na kazi ikamaliziwa na Howard Barnstone na Eugene Aubry. Ukizisoma picha hizi kama dalili za ugonjwa unamnyima fundi ufundi wake. Tena unajinyima wewe, kwa sababu majonzi ya mtu mwingine unaweza kuyahurumia na kwenda zako, ilhali majonzi yaliyojengwa kwa makusudi, kwa gundi na mayai na kipimo, yanakungoja wewe uyaingie.

Kwa anayetaka kwenda: kiingilio ni bure. Kupiga picha ndani hairuhusiwi, na ninaomba sharti hilo liheshimiwe kwa moyo wote, maana simu moja tu iliyowashwa inaharibu giza la watu kumi. Chagua siku yenye mawingu yanayopita badala ya siku ya jua kali au ya mvua ya kutwa, na panga angalau saa moja na nusu. Kabla ya kusafiri ulizia kama picha zote 14 zipo ukutani, kwa sababu kimbunga Beryl cha Julai 2024 kilivujisha paa na kuharibu sehemu za dari, za kuta na baadhi ya picha. Kikanisa kilifungwa mwezi Agosti mwaka huo na kufunguliwa tena Desemba, na kazi ya kutengeneza picha za namna hii huchukua muda. Nje, juu ya dimbwi la maji, pana sanamu ya chuma ya Barnett Newman, mnara uliovunjika uliosimama kwa ncha juu ya ncha ya piramidi. Familia ya de Menil walitaka jiji liipokee kwa sharti kwamba iwe kumbukumbu ya Martin Luther King; uongozi wa jiji ulipolikataa sharti hilo, wakaiweka hapa kwa kumbukumbu hiyo. Keti kando ya dimbwi dakika chache kabla hujaenda popote.

Menil Collection pia ni bure, na jengo lake la picha za Cy Twombly liko umbali wa kutembea kwa miguu. Lakini ule ukumbi wa taa za rangi za Dan Flavin, ulio mitaa michache kutoka hapo, uachie siku nyingine. Ni kazi nzuri, ila taa zile zitafuta machoni mwako kila kitu ulichotoka kukipata.

Jirani yangu alitoka kabla yangu. Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa dimbwi, viatu vimo mkononi bado, anatazama majani. Yalikuwa ya kijani kupita kiasi, kama yanavyokuwa kwa mtu yeyote aliyekaa gizani muda mrefu, na hakutaka tuondoke mpaka yarudi kuwa majani ya kawaida. Mimi niliporudi nyumbani nilitoa turubai moja ya mwaka 2021, nikakwangua ukingo wa kushoto, upana wa kidole, hadi nilipoufikia msingi mwekundu niliokuwa nimeupaka kabla ya nyeusi na kuusahau. Nimeiacha hivyo.